Miaka minne ya kulima astragali: kosa la wiki ya kwanza huonekana siku ya kuchimba

Mzizi wa astragali, mmea wa mikunde unaolimwa kwa ajili ya mzizi wake wa dawa, ukitoka ardhini mwaka wa nne, hueleza wenyewe ulivyoishi. Ukiwa na mikono mitatu minne kama karoti iliyokutana na mawe, ncha yake iliumia ulipokuwa mche wa wiki chache, au uligonga udongo mgumu ukatafuta njia za pembeni. Ukiwa mrefu lakini mwembamba kama penseli, ulisongwa na magugu au na wenzake. Ukiukata ukakuta moyo mweusi na laini, kuna wakati maji yalituama na hakuna aliyeona. Kinachouma zaidi ni kwamba muda wote huo mmea ulipendeza juu ya ardhi. Majani yalikuwa mabichi, maua yalitoka, nyuki walikuja. Wengi wetu tunaolima mmea huu tulijifunza hivyo, kwa kupoteza miaka, na mwaka haununuliwi tena. Kwa hiyo maelezo haya yanaufuata mmea tangu mbegu hadi kwenye mtungi, na kila hatua imetajwa pamoja na kosa lake.

Kwanza mmea wenyewe, kwa sababu kosa la mapema kuliko yote ni kununua mbegu isiyo yake. Astragali ya mizizi ndiyo Wachina wanayoiita huangqi. Katika vitabu vya mimea ni Astragalus membranaceus, ambayo siku hizi huandikwa pia Astragalus propinquus, pamoja na ndugu yake wa karibu Astragalus mongholicus. Majina membranaceus na mongholicus yanatokana na kazi ya mtaalamu wa mimea Alexander Bunge ya mwaka 1868. Asili yake ni kaskazini mwa China, Mongolia, Korea na Siberia. Jamii ya Astragalus ni kubwa mno, ina spishi zipatazo 3,000, na si zote ni rafiki. Baadhi zina sumu iitwayo swainsonini inayowavuruga mifugo akili, nyingine hufyonza madini ya seleni kutoka ardhini na kuyalimbikiza. Pakiti iliyoandikwa "astragali" tu, bila jina la pili, iachwe dukani. Mmea wa kweli husimama sentimita 60 hadi 120. Kila jani lina vijani vingi vilivyopangwa viwili viwili na kimoja mwishoni. Wa Mongolia una vijani vidogo zaidi na vingi zaidi. Maua ni ya manjano mpauko yenye umbo la ua la njegere, na ganda la mbegu huvimba likawa jepesi kama karatasi. Ukiona mmea wako unatofautiana na hayo, usiutumie mzizi hadi mjuzi wa mimea authibitishe.

Udongo hutangulia mbegu, na hapa ndipo penye kazi nzito kuliko zote. Mzizi mkuu wa astragali hushuka wima, na uliokua vizuri hufika sentimita 30 hadi 90, kwa unene wa sentimita 1 hadi 3.5. Huwezi kuupata huo katika udongo uliolimwa sentimita 20. Chimbua hadi 50 au 60, vunja tabaka gumu lililoko chini, ondoa mawe na mizizi ya zamani. Udongo unaofaa ni tifutifu wenye kichanga, usiotuamisha maji, wenye pH ya karibu 7 na kuzidi kidogo. Penye tindikali, chokaa iwekwe miezi kadhaa kabla, si wiki ya kupanda. Kupima utuamishaji ni rahisi: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Yale ya mara ya pili yakiwa bado yapo baada ya saa nne, usipande hapo hadi uinue tuta la walau sentimita 30. Mfinyanzi hauponywi kwa kumwaga mchanga kidogo juu. Inua tuta au hamia kwingine.

Samadi mbichi iwekwe mbali kabisa. Naitrojeni nyingi huleta majani marefu yanayolala na mzizi unaogawanyika. Mmea huu ni wa jamii ya mikunde, hujitafutia naitrojeni yake kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake. Tabaka la sentimita 2 la mboji iliyoiva sawasawa, lichanganywe na udongo wa juu, linatosha. Kama vipimo vinaonyesha upungufu wa fosforasi au potasiamu, hivyo ndivyo vya kuongeza. Epuka pia kipande cha ardhi kilichotoka kubeba maharage au njegere, maana magonjwa ya mizizi yao huweza kubaki yakiingoja astragali.

Sasa mbegu. Ni ndogo, za kahawia iliyokolea, zenye umbo la figo, na gramu moja hubeba zaidi ya mia. Ganda lake halipitishi maji. Ukizizika hivyo hivyo, chache huota, nyingine hukaa miezi au hata mwaka mzima, na mkulima hudhani ameuziwa mbegu mfu. Hapa watu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo pasipo sababu ya kukata tamaa.

Lazima ganda likwaruzwe. Kwa mbegu chache, zilaze kati ya vipande viwili vya msasa wa wastani na uzisugue kwa mzunguko, bila kubonyeza sana, mpaka mng'ao uondoke na rangi ipauke. Kwa mbegu nyingi, zichanganye na mchanga mkavu wenye chembe kali, mchanga mara mbili ya mbegu, uzitie kwenye mfuko wa kitambaa na kuusugua kwa viganja. Ukiona manjano ya ndani, umezidisha. Mbegu hiyo itaoza. Kisha loweka kwa saa 12 katika maji ya vuguvugu. Asubuhi, mbegu yenyewe itakujibu: iliyokubali imevimba karibu mara mbili, iliyokataa bado ni ndogo, ngumu na inang'aa. Chukua zilizovimba ukapande, zilizokataa zikaushe, rudi nazo kwenye msasa, ziloweke tena. Uchambuzi huo wa dakika kumi huokoa nusu ya pakiti.

Wako wakulima wa China wanaotumia maji yanayochemka: mbegu hukorogwa humo kwa sekunde 90, maji baridi huongezwa hadi joto lishuke kufikia nyuzi 40, zinalowekwa saa 2 zaidi, kisha maji humwagwa na mbegu hufunikwa gunia kwa saa 12 hadi zivimbe. Kwa magunia njia hiyo ina maana. Kwa mbegu hamsini usiifanye, kwani sekunde chache za ziada huzipika zote, na huna nyingine ya kujaribia. Wengine huziweka kwenye jokofu wiki tatu, ndani ya mchanga wenye unyevu. Baridi hiyo inaweza kusaidia, lakini haichukui nafasi ya msasa.

Baada ya kuloweka, paka chanjo ya bakteria hao wa vinundu kama unaipata. Ya soya haifai, kwa kuwa bakteria wake ni wa aina nyingine. Tafuta iliyotajwa waziwazi kuwa ni ya Astragalus, au chota konzi chache za udongo chini ya astragali iliyokomaa na yenye afya, uzichanganye na udongo wa mstari wa kupandia. Chanjo haipendi jua, hivyo ipakwe kivulini na mbegu zipandwe siku ileile. Mbegu zilizopakwa dawa ya ukungu zitawaua bakteria hao kabla hawajafanya kazi.

Panda moja kwa moja shambani. Kina ni sentimita 1 hadi 1.5, na mistari iachane sentimita 40 hadi 50. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 15 hadi 20, mbegu zilizokwaruzwa huchomoza ndani ya siku 7 hadi 14. Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, baridi kali ikishapita, ndio wakati mwafaka. Juu ya mstari nyunyiza mchanga mwembamba, kwa sababu udongo unaofanya gamba baada ya mvua huvunja shingo za miche kabla haijaona mwanga.

Kwa nini isiwe kwenye vikopo? Kwa sababu mche wa astragali huwekeza chini kwanza. Shina likiwa bado fupi kama kidole, mzizi umeshateremka mbali zaidi ya hapo. Ukigusa sakafu ya kikopo, hujikunja, na mkunjo huo hautanyooka kamwe. Miaka minne baadaye utachimba kitu kilichojisokota kama kamba. Anayelazimika kuanzia ndani, labda kwa sababu ya konokono, atumie mirija ya karatasi ngumu yenye kina cha sentimita 20, isiyo na kitako, na aihamishe pamoja na mrija wake mara majani mawili matatu ya kweli yakitoka.

Hata hivyo kuhamisha si dhambi kwa kila mtu. Katika jimbo la Gansu, China, wapo wanaopanda kitalu kizito mwaka wa kwanza, wakang'oa mizizi michanga mwaka unaofuata na kuilaza kwenye mfereji, imelala au imeinama, ili baadaye ichimbuke kwa wepesi. Ni ufundi wenye nidhamu yake: mizizi iliyovunjika ncha hutupwa, na inayobaki hulazwa imenyooka bila kukunjwa. Kwa mwenye mashamba makubwa njia hiyo hupunguza jasho la kuvuna. Kwa bustani, mbegu iliyoota palepale itakapovunwa ndiyo salama zaidi.

Mwaka wa kwanza huchosha moyo. Mimea inaenda polepole, magugu yanakimbia. Palizi ya wiki sita za mwanzo ifanywe kwa mkono, kila wiki, kwa sababu jembe karibu na mstari hukata usichokiona. Miche ikifika sentimita 5 hadi 8, ipunguze ibaki kila sentimita 10. Baadaye, ikikaribia sentimita 15, iachanishe kwa sentimita 20 hadi 30. Usiing'oe ile ya ziada. Ikate kwa mkasi usawa wa udongo, kwani kung'oa mmoja hutikisa mizizi ya jirani. Kupunguza kunaumiza, hasa ukikumbuka kazi ya msasa, na kuna kishawishi cha kuacha miwili miwili. Usiache. Mizizi miwili iliyobanana haitoi hata mmoja mzuri.

Maji ya mwaka huo yaingie kwa kina na kwa nafasi. Loanisha hadi sentimita 20 au zaidi, kisha acha sehemu ya juu ikauke kabla ya kurudia. Anayenyunyiza kidogo kila jioni anaufundisha mzizi kubaki juu. Katika kitalu chenye unyevu wa kudumu, kinyausi huangusha miche safu nzima. Shina hunyauka pale linapogusana na udongo, mche unalala. Dawa yake kubwa ni hewa na ukavu, na kutopanda kwa msongamano. Sota, viwavi wakata mashina, hukata usiku, konokono hula majani machanga hadi kwenye kikonyo, na sungura huipenda astragali kuliko mboga nyingi, kwa hiyo wavu wa kimo cha goti au zaidi uwekwe kabla ya kuota.

Baridi ikija, mmea wote wa juu hufa. Hiyo ni tabia yake. Mzizi na shingo vimelala tu. Weka vijiti mwanzo na mwisho wa kila mstari, maana mwaka wa pili astragali huchelewa kuchomoza kuliko mimea mingi, na si mkulima mmoja aliyechimbua kitalu kwa kudhani kimekufa, akakuta machipukizi meupe yanapanda. Matandazo yawe mepesi, na yasirundikwe juu ya shingo. Astragali iliyokomaa huvumilia baridi ya kugandisha ardhi, ila haivumilii shingo iliyolala kwenye majani yaliyolowa.

Mwaka wa pili furaha inarudi. Mashina yanakuwa mengi, maua ya kwanza yanatoka katikati ya majira ya joto. Huu ndio wakati wa kukagua vinundu. Pembeni mwa mmea mmoja wa mwisho wa mstari, fukua taratibu upate vijizizi vyembamba, kisha pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Ndani pakiwa pa waridi au pekundu, bakteria wanafanya kazi. Pakiwa peupe au kijani, au vinundu havipo kabisa na majani yanapauka, chanjo haikushika. Changanya udongo wa chanjo na maji umwagie mstari. Usitafute jibu kwenye mbolea ya naitrojeni, maana hiyo ndiyo inayofanya mmea usihangaike kutengeneza vinundu.

Mmea usiohitaji mbegu zake, ukate vishada vya maua vinapoanza kutoka. Baadhi ya wakulima hukata pia ncha za mashina katikati ya majira ya joto ili nguvu irudi chini, na mashina mafupi hayalali kwa upepo. Acha mimea michache iliyo bora itoe mbegu. Maganda yavunwe yakiwa yamegeuka manjano na mbegu ndani ni za kahawia, kabla hayajapasuka. Baadhi ya mbegu zitakuwa na tundu la nyigu wadogo wanaotaga ndani yake. Zimwage zote kwenye maji. Zinazoelea ni ganda tupu.

Ubwiri unga huja mwishoni mwa msimu, vumbi jeupe juu ya majani, hasa penye msongamano. Ukija siku za mwisho hauharibu kitu kikubwa. Kata mashina yaliyoathirika na uyatoe shambani. Vidukari hukusanyika kwenye vishada vya maua, na maji ya nguvu yanatosha kuwaangusha. Adui wa kuogopwa ni mwozo wa mizizi. Dalili yake ni mmea mmoja kuwa wa manjano au kunyauka mchana huku majirani wakiwa kijani, na shina kulegea ukilishika. Hauponi. Uchimbue wote na udongo unaouzunguka, usiutie kwenye mboji, na utafute maji yanatokea wapi. Kuanzia mwaka wa pili astragali haihitaji kumwagiliwa isipokuwa ukame umedumu wiki kadhaa, na mwozo mwingi huletwa na mtu mwenye mapenzi na bomba.

Mwaka wa tatu hakuna mengi ya kufanya, na huo ndio ugumu wake. Palizi mbili, jicho kwenye mwozo, basi. Kishawishi ni kuchimba. Unaweza kuchimba mmoja wa mfano, na mizizi ya miaka mitatu inatumika, ila wa mwaka wa nne huwa mnene na umeshiba zaidi. Huko Hunyuan, katika jimbo la Shanxi nchini China, mmea huachwa kwenye miteremko kama wa porini kwa miaka mitano na kuendelea, na mizizi yake inaheshimiwa. Lakini kusubiri kupita kiasi penye udongo mzito kuna hatari yake, kwani moyo wa mzizi mzee huanza kuoza na kuacha uwazi.

Siku ya kuvuna ni baada ya majani kukauka, au mwanzoni mwa mwaka kabla ya chipukizi. Chagua siku mbili tatu baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu usionata. Usivute. Mzizi una nyuzi imara, lakini ukivutwa hukatika chini na nusu yake inabaki ardhini. Chimba mfereji kando ya mstari, kina cha sentimita 60, kisha kwa jembe uma angushia udongo ndani ya mfereji kutoka upande wa mmea hadi mzizi ubaki wazi. Ni kazi ya kupinda mgongo. Ipangie siku nzima hata kwa mstari mfupi.

Kata shingo na vijizizi, osha haraka bila kuloweka. Kata kipande: gamba la ndani liwe jeupe lenye manjano, kuni ya katikati iwe ya manjano hafifu, na mistari itawanyike kutoka katikati kama petali za krisanthemu. Tafuna kidogo. Wenye afya una utamu mdogo na ladha ya maharage mabichi. Penye weusi, kata utupe.

Mzizi huu haukatwi ukiwa mkavu kabisa, utavunja kisu. Uache unyauke kivulini siku chache hadi upinde bila kuvunjika, unyooshe kwa mkono, kisha ukate mshazari vipande vya milimita 2 hadi 4. Kausha penye hewa au kwenye kikaushio kwa nyuzi 40 hivi. Tarajia uzito upungue kwa zaidi ya nusu. Farmakopea ya China, yaani kitabu rasmi cha dawa cha nchi hiyo, hutaja gramu 9 hadi 30 za mzizi mkavu kwa siku, uliochemshwa. Mwenye kutumia dawa za kushusha kinga ya mwili, kwa mfano aliyepandikizwa kiungo, au mwenye ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, asiguse kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu mzizi huu unaweza kuichangamsha kinga hiyo.

Kipande kilichokauka huvunjika kwa mlio. Kinachopinda kirudishwe juani au kwenye kikaushio, hata kama kimebaki kimoja, maana unyevu wake utavipa vingine ukungu ndani ya mtungi. Utamu wa mzizi huwavutia wadudu wa ghalani, hivyo mtungi uwe wa kufungika kabisa, ukae gizani, na ufunguliwe kukaguliwa baada ya wiki mbili za kwanza: ukiona unga mwembamba chini yake, wadudu wameshaingia.